Kalamu, Karamu na Klorini

Jumatatu, 2 Septemba

Speciosa amesema kama kila jioni nitakaa mlangoni pa jiko nikimlalamikia mambo ya shule, afadhali nilalamikie karatasi. Mke wangu ana mbegu za maharage za kuchambua na hana muda wa Kemia. Haya basi, daftari, nisikilize wewe.

Kisa chenyewe ni hiki. Jumamosi tulikuwa na kikao cha wazazi wa Kidato cha Nne, nami kama mwalimu wa darasa nikasimama kutoa maelekezo ya mtihani wa taifa wa Novemba. Nikasema kila mtoto aje na kalamu mbili. Wazazi wakatikisa vichwa, wakaelewa. Mtu mmoja tu aliinamisha uso mezani, mabega yakawa yanamcheza: Mwalimu Yasmini, yule binti mpya wa Kiswahili. Anadai nilisema kila mtoto aje na karamu mbili.

Leo naingia ofisini nakuta kabandika karatasi ukutani, herufi kubwa za wino mwekundu: KALAMU SI KARAMU. KULA SI KURA. MAHALI SI MAHARI. Akaniamkia shikamoo, akasema ile ni ya wanafunzi. Nimeitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayeumwa jino.

Nina miaka hamsini na minne, ishirini na saba kati ya hiyo nimeimaliza nikifundisha Kemia. Nimezaliwa Keza, nimenyonya Kihangaza, na mdomo wangu haujawahi kuona sababu ya kuzitenganisha herufi hizo mbili. Mkono wangu unazijua vizuri, mwenye macho na atazame ninavyoandika. Yeye ni binti wa Abbasi mwenye duka la vitambaa pale Ngara mjini, ukoo uliotoka Pangani, na kwao L na R hazikutani hata njiani. Hiyo ni bahati ya kuzaliwa, si kazi aliyoifanya.

Jumatano, 4 Septemba

Nimeanza marudio ya milinganyo ya ayoni na Kidato cha Nne. Hili ndilo somo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linamfundisha mtoto kuacha maneno mengi.

Mimina maji ya chumvi ndani ya maji ya silva naitreti. Papo hapo kinatokea kitu cheupe, kinazama polepole. Mlinganyo mzima una majina manne, lakini waliofanya kazi ni wawili tu, fedha, yaani hiyo silva, na kloraidi, walioshikana wakazama. Sodiamu na naitreti wameingia huru na wamebaki huru. Hao tunawaita watazamaji, tunawapiga mstari upande huu na upande ule. Kinachobaki ni kifupi na ndicho kilichotokea kweli: Ag⁺ + Cl⁻ → AgCl. Katika mtihani wa vitendo mtoto hupewa chumvi asiyoijua, aitambue kwa njia hii, kisha aandike mlinganyo wake. Akiandika alama moja ya kemikali vibaya, hapo hana kitu.

Darasa lina watoto arobaini na mmoja. Ninayemtegemea ni Iteka wa Murusagamba, binti mkimya anayeandika kila ninachosema. Nadhani hata nikikohoa anaandika. Anataka chuo cha uuguzi, na bila kufaulu Kemia chuo hakimpokei.

Alhamisi, 5 Septemba

Joto. Mawingu yanakuja kutoka upande wa Burundi, yanaangalia, yanarudi.

Ijumaa, 13 Septemba

Mvua ya kwanza imekuja na upepo, saa tisa alasiri. Paa la darasa la Kidato cha Nne limeng'oka upande mmoja na mabati matatu yameangukia kwenye shamba la muhogo la jirani. Watoto walikuwa uwanjani. Hakuna aliyeumia, na namshukuru Mungu kwa hilo kabla ya lolote lingine.

Ile chati kubwa ya elementi iliyokuwa ukutani imeloa, imebaki tambi. Ubao wetu ni ukuta uliopakwa rangi nyeusi, kwa hiyo hauhamishiki.

Jumatatu, 16 Septemba

Mkuu wa shule, Mwalimu Juvenali, ametuombea kigango, kikanisa cha jirani, tusomee humo. Watoto wamekaa kwenye mabenchi ya kusalia, madaftari juu ya magoti. Hakuna ubao. Nikawaambia tusilie, mimi nimesomeshwa kwa imla na nimefika nilipofika. Nitasoma, wao waandike. Nina sauti, na kigango kina mwangwi mzuri.

Jumanne, 17 Septemba

Imla. Milinganyo sita.

Alhamisi, 19 Septemba

Imla. Mvua juu ya bati la kigango, nikapandisha sauti. Speciosa amepanda maharage.

Jumatatu, 23 Septemba

Imla. Milinganyo minane, yote na alama zake, herufi kwa herufi. Yasmini alipita nje akielekea Kidato cha Pili, akasimama dirishani kidogo akisikiliza. Nilimtazama akaondoka. Kama kuna la kubandika ukutani, akabandike.

Ijumaa, 27 Septemba

Maharage yameota. Fundi wa paa amesema wiki ijayo. Alisema hivyo pia wiki iliyopita.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimetoa jaribio la milinganyo ya ayoni. Watoto wameandika kwa utulivu, bila kutazamana. Nimebeba karatasi nyumbani na moyo mwepesi.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimesahihisha asubuhi nzima chini ya kibaraza na chai imepoa mara mbili.

Karatasi ya kwanza: Ag⁺ + Cr⁻ → AgCr. Nikacheka, nikapiga mkasi. Karatasi ya pili: AgCr. Ya tatu: AgCr. Nikaacha kucheka. Cr ni alama ya kromiamu. Ni metali, inang'arisha bampa la gari, haihusiani kabisa na chumvi ya jikoni. Kufika ya ishirini nimekuta mwingine ameandika alumini kwa Ar, akaipa chaji tatu chanya. Ar ni agoni, gesi ambayo haijawahi kushirikiana na mtu tangu dunia iumbwe, na mwanafunzi wangu kaipa chaji tatu.

Watoto ishirini na tisa kati ya arobaini na mmoja wameandika Cr. Milinganyo yenyewe wameijua. Wametenganisha sawasawa, wamefuta watazamaji sawasawa, chaji zimelingana. Halafu herufi moja inamwaga kila kitu.

Iteka naye ni Cr. Mwanzo mpaka mwisho.

Nina hasira mpaka nimemjibu vibaya Speciosa alipouliza kama nataka ndizi za kuchoma.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nitaandika mambo ya leo yote, ingawa siyapendi.

Niliingia kigangoni na zile karatasi, nikawasema kwa nusu saa nzima. Nikawaambia wamekaa miaka minne wanakula ugali wa shule bure. Nikawaambia mtoto wa Kidato cha Kwanza anajua alama ya klorini, na wao mwezi ujao wanakwenda kuaibisha kata nzima. Kisha nikamsimamisha Iteka, kwa sababu yeye ndiye aliyeniuma zaidi. Nikamuuliza mbele ya wenzake ni shetani gani aliyemwambia kuwa kloraidi ni Cr.

Akasimama. Kisha akasema taratibu, macho chini:

"Mwalimu, ndivyo ulivyosema."

Nikamwambia alete daftari. Akalileta kwa mikono miwili. Nikasoma. Imla zangu zote zilikuwemo, neno kwa neno, tarehe kwa tarehe, kwa mwandiko safi. Kila mahali niliposema kloraidi, yeye ameandika kroraidi, Cr. Nikadai daftari la wa pembeni yake. Kroraidi, Cr. Nikakusanya kama kumi. Wale wachache waliopatia nikawauliza wamejuaje. Mmoja alisoma shule ya msingi Mwanza, wengine wana vitabu vya kaka na dada zao. Hao hawakunisikiliza mimi, na ndiyo maana walipata.

Nilisema somo limekwisha nikatoka. Sikumjibu Iteka neno.

Nyumbani jua lilikuwa bado juu. Nilimkuta Speciosa akipalilia, nikamwambia asimame anisikilize. Nikatamka kloraidi. Nikatamka kromiamu. Nikarudia kwa herufi, ile ya kwanza na ile ya pili, polepole. Nikamuuliza nimetaja herufi zipi.

Mke wangu akaegemea jembe. Akasema, "Baba, umesema herufi moja mara mbili."

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua. Sikuingia darasani. Nilituma ujumbe kuwa nina mafua.

Jumatano, 9 Oktoba

Mafua bado.

Alhamisi, 10 Oktoba

Saa nne asubuhi kulikuwa na mtu uani anabisha hodi. Ni Eustakia, mama yake Iteka. Ametoka Murusagamba kwa miguu, kwa sababu bodaboda hazipiti kwenye lile tope la bondeni. Kanga imeloa mpaka magotini. Kichwani ana mkungu wa ndizi.

Tukaongea Kihangaza, kwa hiyo nilisikia kila kitu bila pa kujificha. Iteka amefika nyumbani analia, amesema amemjibu mwalimu na mwalimu amekasirika mpaka ameacha kuja shule. Mama amekuja kuniomba radhi. Alisema wawili wake wa mwanzo waliishia darasa la saba. Huyu ndiye aliyebaki, na tangu alipoona wauguzi wakimhudumia bibi yake hana wimbo mwingine. Alisema mtoto ana mdomo lakini hana ubaya, na kama ni adhabu nimpe, ila nisiwaache.

Nilitamani ardhi inifiche. Mwanamke ametembea kwenye tope kuniomba msamaha kwa sababu binti yake amesema kweli.

Nikamwambia, "Mama Iteka, mtoto wako hakunikosea. Mimi ndiye niliyemfundisha vibaya."

Hakuamini. Alidhani ni maneno ya adabu. Nilimwambia tena, na mara ya tatu akakaa kwenye kigoda akaniangalia tu. Speciosa akamletea uji. Ndizi alikataa kurudi nazo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimekwenda shule mapema kabla ya wengine. Nimekuwa nikigeuza jambo hili tangu jana na kila njia inagonga ukuta uleule. Nikisimama niwaambie, "Watoto, si hii, ni hii," zote mbili zitatoka mdomoni mwangu sawasawa. Hata kujisahihisha siwezi bila mdomo wa mtu mwingine. Chati imeoza, ubao uko chini ya anga, na wameshaijaza Cr katika madaftari yao mara zisizohesabika. Kosa lililoingia kwa sikio linataka litolewe kwa sikio.

Yasmini alifika saa moja kasorobo, ameshika viatu mkononi, miguu ina tope. Akaniamkia. Nikaitikia vizuri, naye akashtuka kidogo. Nikamsimulia yote. Nilijiandaa acheke. Nilistahili.

Hakucheka. Aliweka viatu chini, akasema ile siku aliyosimama dirishani alisikia. Alitaka kuniambia, lakini yeye hajui Kemia, akadhani labda kuna kitu kinaitwa kroraidi. Na tena aliogopa. Kisha akasema jambo lililoniumiza na kunituliza kwa pamoja:

"Mwalimu, ile karatasi ya ukutani niliibandika kwa utoto. Nisingeibandika, ungekuwa umeniuliza mapema."

Akaenda kuibandua. Nikamzuia. Nikamwambia iache, ina ukweli wake, ila nina shida na wewe Jumanne saa mbili mpaka saa nne.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Nimepalilia na Speciosa. Maharage yana majani manne manne.

Jumanne, 15 Oktoba

Leo nimesimama mbele ya altare ya kigango, pahali ambapo padri husimama, nikawaambia watoto arobaini na mmoja kuwa Cr ni yangu. Sikuwapa maelezo marefu. Nilisema mkono wangu unajua na mdomo wangu haujui, nao walikuwa waaminifu kwa mdomo. Nikamwomba Iteka radhi kwa jina lake. Alifunika uso kwa daftari.

Kisha nikamkaribisha Yasmini. Tumefanya hivi: mimi naeleza, na kila nikifika kwenye jina la kemikali nanyamaza, yeye analitamka. Nilimwandikia majina yote kwenye karatasi. Kemia yangu kwa mdomo wa Pangani. Mwanzoni watoto walibana kicheko, baadaye wakakiachia, nami nikacheka nao.

Lakini baada ya saa moja aliona jambo ambalo mimi sikuliona. Alimwambia kijana mmoja, Faustini, arudie neno kloraidi. Faustini akasema kroraidi, na kalamu yake palepale ikaandika Cr. Yasmini akanivuta pembeni. Akasema midomo hatuwezi kuibadilisha katika wiki nne na wala haina kosa, ni midomo ya kwao. Tushughulike na mkono. Akanyoosha kidole cha shahada, wima, akawaambia watoto hii ndiyo L, imenyooka, haina kona. Akakikunja nchani, akasema hii ndiyo R, imeinama. Kuanzia leo atakayetaja klorini, kloraidi au alumini, yeyote awaye, anyooshe kidole. Atakayetaja kromiamu au agoni, akikunje. Mdomo useme utakavyo.

Nikajaribu. Nikasema kloraidi nilivyojaliwa kuisema, na kidole juu. Vidole arobaini na moja vikapanda. Nikawaambia waandike. Nikapita benchi kwa benchi nikiangalia. Cl. Cl. Cl. Cl.

Sijui nimshukuru Mungu vipi kwa binti huyu niliyemnunia mwezi mzima.

Alhamisi, 17 Oktoba

Vidole. Leo hata kwenye foleni ya ugali nimewaona wakinyoosheana.

Ijumaa, 18 Oktoba

Kwa kuwa hatuna ubao, nimewageuza watoto wenyewe kuwa mlinganyo. Wanne wamebeba karatasi vifuani. Fedha ameshikana mkono na naitreti, wanaingia kwa mlango wa kushoto. Sodiamu, ambaye ni Faustini, ameshikana na kloraidi, ambaye ni Iteka, wanaingia kwa mlango wa kulia. Wakikutana katikati ya kigango, ndani ya maji, wote wanaachiana. Fedha na kloraidi wanashikana, wanakaa chini sakafuni: mashapo meupe. Sodiamu na naitreti wanaendelea kuzurura. Nikawaambia hao wawili watoke nje, ni watazamaji, tunawafuta.

Yasmini alikuwa ameketi benchi la mbele akingoja zamu yake ya kutamka. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, Mwalimu. Hawa mnaowatoa, hawakufanya kazi kweli?"

Nikamwambia hawakubadilika. Walivyoingia ndivyo walivyo.

"Lakini fedha aliingia akiwa ameshikwa mkono na huyu. Bila huyu angefikaje humu ndani?"

Ni swali la mtu asiyejua Kemia, na katika miaka ishirini na saba hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza. Hakuna duka duniani linalouza chupa ya ayoni za fedha peke yake. Lazima ije na mwenzake wa kuibeba, atakayeifikisha, aiachie, asimame pembeni. Tunamfuta kwa sababu mlinganyo unauliza nani amebadilika. Haukuuliza nani amesaidia.

Nikawajibu hivyo, taratibu, huku nikijifunza mwenyewe. Faustini akauliza kama basi anaweza kurudi ndani, maana nje kuna manyunyu. Nikamruhusu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimemsaidia Speciosa kuchambua mboga bila kuombwa. Ameniuliza kama ni mgonjwa.

Ijumaa, 25 Oktoba

Paa limekwisha. Tumerudi darasani na ubao wetu. Nimeandika Cl kubwa katikati, nikaizungushia mduara, nikapiga marufuku kuifuta mpaka mtihani upite.

Mchana tulifanya jaribio la kweli. Silva naitreti tuliyonayo ni kichupa kidogo cha rangi ya kahawia, kinafungiwa kabatini, na lazima kibaki kwa ajili ya mtihani. Niliwapa tone moja kila mmoja. Niliwaonya isiwaguse, inaacha doa jeusi kwenye ngozi ambalo sabuni hailiwezi. Bila shaka wakaigusa. Iteka alidondosha tone lake kwenye maji ya chumvi, akainua testi tyubu kwenye mwanga wa dirisha. Kile cheupe kikatokea, kikajikunja, kikaanza kushuka. Amekiandika kwa maneno mwaka mzima, na leo ndiyo mara ya kwanza kukiona. Alikitazama mpaka kilipotulia chini.

Mimi mwenyewe kidole gumba changu kina doa. Speciosa amenikataza kugusa unga.

Jumapili, 3 Novemba

Baada ya misa Eustakia amenisubiri nje ya kanisa. Safari hii alikuja kunionyesha kitu. Akanyoosha kidole, akakikunja, akaniuliza kwa Kihangaza kama amepatia. Iteka amewafundisha nyumba nzima, hata bibi.

Jumatatu, 11 Novemba

Mtihani umeanza. Mvua kila siku. Njia ya bondeni haipitiki, kwa hiyo watoto wa Murusagamba wanalala darasani kwa wiki hizi, na akina mama wanapokezana kupika. Yasmini ameleta magodoro manne kutoka kwa baba yake mjini. Alikuja nayo juu ya gari la mizigo, amejifunika turubai.

Ijumaa, 15 Novemba

Kemia ya nadharia leo. Wametoka wanazungumza wote kwa pamoja. Ni dalili nzuri. Wakitoka kimya ndipo huwa naogopa.

Jumatatu, 18 Novemba

Bahasha ya maandalizi ya vitendo imefika, ikiwa na walinzi wake. Sasa najua kitakachokuja na sitakiandika hapa, wala sitamwambia Speciosa. Nimetengeneza maji yote kwa mikono yangu, nimepima, nimebandika herufi. Tangu nilipoifungua nimekwepa kukutana na mtoto yeyote, maana wana macho makali na uso wangu hauna kufuli. Nashukuru kwamba kila nililokuwa nalo nilishawapa.

Jumanne, 19 Novemba

Saa mbili kasorobo nilikagua meza za maabara mara ya mwisho, nikamkabidhi msimamizi ufunguo, nikatoka. Mwalimu wa somo haruhusiwi kukaribia. Nikaenda kusimama chini ya paa la jiko, mbali, na Yasmini akaja kusimama hapohapo. Nikamwambia leo mimi ni sodiamu. Akasema basi yeye ni naitreti. Tukasimama tukisikiliza mvua, watu wawili waliokwisha kubeba walichobeba.

Nilijipa muda wa kuogopa. Nilifikiria wale ishirini na tisa. Nilifikiria kwamba mtu akishika jambo kwa wiki tatu, huweza kulirudia siku ya hofu hata kama ameliacha. Ndani ya chumba kile hakuna atakayewatamkia, na mdomo wao utawaambia kroraidi, kama ulivyo wangu. Yasmini alikuwa akizungusha tasbihi mfukoni. Mimi nilikuwa na rozari.

Saa tano walianza kutoka. Mvua ilikuwa imepungua. Nilibaki nilipo. Waliponiona wengine walipunga mikono wakapita kwenda kula. Iteka alikuja moja kwa moja kupitia katikati ya uwanja, kwenye tope. Akaniamkia, akamwamkia Yasmini. Vidole vyake vilikuwa na madoa meusi mapya. Nikajua ameitumia silva naitreti, ila hilo halikuniambia kitu. Hata atakayeandika Cr huishika chupa ileile.

Sikumuuliza. Niliogopa kuuliza.

Akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ile ya kigangoni.

"Ilikuwa kroraidi, Mwalimu," akasema.

Na huku akisema alinyoosha kidole cha shahada, cheusi nchani, wima kabisa, hakina kona.

Machozi yalinitoka, sioni aibu kuyaandika. Nikanyoosha kidole changu. Yasmini akanyoosha chake. Tukasimama hivyo watu watatu chini ya paa la jiko. Mwalimu Juvenali, aliyekuwa akipita na mwavuli, alidhani tunaomba ruhusa ya kusema, akatuuliza kuna nini.

Nikamwambia hakuna kitu, tumekwisha kusema.